Zana ya kulinganisha msimbo inapokuvuruga: dalili, chanzo na dawa

Meld, KDiff3, vimdiff, kidirisha cha ulinganisho cha VS Code, hata amri yenyewe ya `diff` iliyozaliwa Bell Labs miaka ya 1970: zote husoma faili mstari kwa mstari. Mistari miwili ama inafanana baiti kwa baiti, ama haifanani. Hazijui kwamba 0.18 ni VAT ya Tanzania na 0.16 ni ya Kenya. Ndiyo maana mtu akilalamika kwamba "Git imeniharibia faili", mshukiwa wa mwisho kwangu ni Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Kwanza nalitazama faili lenyewe na baiti zake. Pili nauliza upande gani ni wa nani. Tatu ndipo naangalia maana ya msimbo, ambayo hakuna zana kati ya hizo inayoiona. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Ukiwa umekwama katikati ya kuunganisha (merge, yaani kuingiza mabadiliko ya tawi moja la kazi kwenye tawi lingine) na hujui ulipo, andika `git status` usome yote iliyosema, pamoja na mistari ya chini ambayo wengi huiruka. `git merge --abort` itakurudisha ulipokuwa, ila kama ulianza kuunganisha ukiwa na mabadiliko ambayo hayajakomitiwa (hayajahifadhiwa kwenye historia ya Git), Git haikuahidi kuyarudisha yote salama. Komiti kwanza, unganisha baadaye.

## Dalili: faili zima linaonekana limebadilika

Umegusa mistari mitatu, lakini ulinganisho unaonyesha mistari 400 myekundu ikifuatiwa na mistari 400 ya kijani, na kwa macho maandishi ni yaleyale.

Karibu kila mara chanzo ni miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF. Linux na macOS hutumia LF peke yake. Kihariri cha mwenzako kimehifadhi kwa mtindo mmoja, chako kwa mwingine, na kwa zana kila mstari umebadilika kweli. Thibitisha kabla ya kutibu, tuseme faili ni `malipo.py`:

```
git diff --ignore-cr-at-eol malipo.py
git ls-files --eol malipo.py
```

Ikiwa amri ya kwanza inakuachia mistari yako mitatu tu, umempata mhalifu. Ya pili inakuambia amejificha wapi: `i/lf` maana yake faili ndani ya Git lina LF, na `w/crlf` maana yake nakala iliyo kwenye diski yako ina CRLF. Ukiona `mixed`, faili lina mitindo yote miwili, na hapo kuna mtu aliyenakili kipande kutoka mahali pengine akakibandika.

Ushauri unaozunguka sana ni kuweka `core.autocrlf`, mpangilio unaoifanya Git igeuze miisho hiyo yenyewe. Mimi siupendi. Mpangilio huo unakaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo anayejiunga na timu mwezi ujao ataleta tatizo lilelile upya. Weka kanuni ndani ya mradi, kwenye faili la `.gitattributes`:

```
* text=auto
*.sh  text eol=lf
*.bat text eol=crlf
```

Mstari wa `.sh` usiuache. Skripti ya shell yenye CRLF ikifika kwenye seva ya Linux inakataa kuendeshwa kwa ujumbe usioeleweka kuhusu `^M`. Kisha safisha mafaili yaliyopo:

```
git add --renormalize .
git commit -m "Sawazisha miisho ya mistari"
```

Komiti hiyo ikae peke yake, bila badiliko lingine lolote ndani yake. Andika namba yake kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs` na uelekeze `blame.ignoreRevsFile` huko, la sivyo kila `git blame` (amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari) itakutaja wewe kama mwandishi wa mradi mzima. Wenzako wenye matawi yaliyoanza kabla ya usafi huo waunganishe kwa `git merge -X renormalize`, wasije wakapata migongano (mahali ambapo Git haiwezi kuamua ichukue upande upi) katika kila faili.

Ikiwa `--ignore-cr-at-eol` haikupunguza kitu, jaribu `git diff -w`, inayopuuza nafasi tupu zote. Ikipungua hapo, kuna chombo cha kupanga msimbo, kama Prettier au Black, kilichopita juu ya faili lote, au kihariri kimegeuza herufi za Tab kuwa nafasi. Lakini angalia: kwenye Python nafasi ya mwanzo wa mstari ni sehemu ya lugha. Mstari uliotolewa nje ya `if` hauonekani kabisa ukitumia `-w`, na hilo ni kosa halisi. Itumie kuchunguza, usiitumie kuidhinisha kazi ya mtu.

Kuna ndugu wawili wadogo wa dalili hii. Wa kwanza: mstari wa kwanza pekee ndio umebadilika, na hakuna tofauti unayoiona. Hiyo ni BOM, baiti tatu EF BB BF ambazo baadhi ya programu za Windows huzitanguliza kwenye faili la UTF-8. Zitazame kwa `head -c 3 malipo.py | xxd`. Kuziondoa, kwenye VS Code bofya jina la usimbaji lililo upande wa chini kulia, kisha uhifadhi tena kwa UTF-8 ya kawaida. Wa pili: mstari wa mwisho na maneno `\ No newline at end of file`. Kihariri kimoja kinaweka LF mwishoni mwa faili, kingine hakiweki. Weka, na umalize.

## Dalili: "Binary files differ", ilhali faili ni maandishi

Git huchungulia mwanzo wa faili. Ikikuta baiti ya sifuri inahitimisha kwamba hayo si maandishi. Faili la UTF-16 (usimbaji unaotumia angalau baiti mbili kwa kila herufi) lenye herufi za kawaida limejaa baiti za sifuri, moja kwa kila herufi. Wanaofanya kazi na skripti za SQL zilizotolewa na SQL Server Management Studio wanalijua hili vizuri. Ligeuze:

```
iconv -f UTF-16 -t UTF-8 ripoti.sql > ripoti-mpya.sql
```

Kama kuna mfumo mwingine unaolidai likiwa UTF-16, tumia sifa ya `working-tree-encoding` kwenye `.gitattributes`. Git itahifadhi UTF-8 ndani na kukuwekea UTF-16 kwenye diski.

## Dalili: ulinganisho unasema faili limebadilika, lakini hakuna mstari hata mmoja

`old mode 100644`, `new mode 100755`. Ni ruhusa ya kuendesha faili, si maandishi. Hutokea mradi unapopitia flashi, au ukifunguliwa kwa zamu kutoka Windows na kutoka WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Zima kwenye mradi huo: `git config core.fileMode false`.

## Dalili: kiraka kinakataa kuingia

Kiraka ni faili lenye orodha ya mabadiliko ya kuingizwa kwenye mafaili mengine. Ujumbe `patch does not apply` una vyanzo vingi, na kabla ya kulaumu mabadiliko yenyewe uliza kiraka kimesafiri vipi.

Kimeundwa kwenye PowerShell ya zamani, toleo la 5.1 linalokuja na Windows? Alama ya `>` huko huandika UTF-16, kwa hiyo `git diff > kiraka.patch` imekutengenezea faili ambalo `git apply` haioni ndani yake kiraka chochote. Tumia `git diff --output=kiraka.patch`, na Git iandike yenyewe.

Kimebandikwa kwenye WhatsApp kama ujumbe? Basi kimekwisha. WhatsApp hugeuza maneno yaliyo kati ya nyota kuwa mazito na yaliyo kati ya mistari ya chini kuwa ya mlalo, na msimbo wa Python umejaa vyote viwili. Barua pepe nayo hukata nafasi tupu na kuvunja mistari mirefu. Kiraka hutumwa kama faili lililoambatishwa, basi.

Kama faili limefika zima, soma ujumbe:

- `can't find file to patch`: njia za mafaili hazilingani. Viraka vya Git hutanguliza `a/` na `b/`, hivyo amri ni `patch -p1`, nawe uwe kwenye folda ya juu kabisa ya mradi.
- `Reversed (or previously applied) patch detected`: badiliko tayari limo. Usijibu `y` kwa mazoea, maana utaling'oa.
- `Hunk #2 FAILED` na faili jipya lenye kiambishi `.rej`: mazingira ya kipande hicho yamebadilika tangu kiraka kiundwe. Fungua `.rej`, kiweke kwa mkono.

Mara nyingi `git apply --3way kiraka.patch` itakuokoa. Badala ya kukataa moja kwa moja, inatafuta toleo ambalo kiraka kilitokana nalo na kukuletea mgongano wa kawaida unaoweza kuutatua. Inahitaji toleo hilo liwe kwenye historia yako, na hilo likikosekana itakuambia.

## Dalili: nimechagua "ours", ikaingia kazi ya mwenzangu

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wazoefu.

Katika `git merge`, "ours" ni tawi ulilosimama juu yake na "theirs" ni lile unaloliingiza. Katika `git rebase` mambo yanageuka. Git inakwenda kusimama kwanza juu ya tawi la msingi, tuseme `main`, kisha inachukua komiti zako moja moja na kuzipachika juu yake. Kwa wakati huo "ours" ni `main`, na "theirs" ni kazi yako mwenyewe. Vivyo hivyo kwa LOCAL na REMOTE ndani ya Meld au KDiff3: LOCAL hufuata "ours".

Usikariri. Uliza Git ikuonyeshe yote matatu:

```
git show :1:malipo.py   # toleo la asili, kabla ya matawi kuachana
git show :2:malipo.py   # ours
git show :3:malipo.py   # theirs
```

Kama tayari umeharibu faili lakini hujakomiti, `git checkout -m malipo.py` italirudisha na alama za mgongano zilivyokuwa. Itafuta pia marekebisho uliyoyafanya kwa mkono kwenye faili hilo, kwa hiyo nakili kwanza unachotaka kubaki nacho.

Na toleo lile la kwanza, la asili, ndilo linalokosekana kwenye skrini za watu wengi. Kwa kawaida Git huonyesha pande mbili tu, nawe unabaki kubahatisha nani alibadilisha nini. Washa hii leo:

```
git config --global merge.conflictStyle zdiff3
```

Inahitaji Git 2.35 au zaidi. Kwenye matoleo ya nyuma andika `diff3`. Tazama inachokupa (`HEAD` ni upande wako):

```
<<<<<<< HEAD
kiwango = 0.18
jumla = bei * (1 + kiwango)
||||||| 4f2c1ab
kiwango = 0.18
jumla = bei + bei * kiwango
=======
kiwango = soma_kiwango(nchi)
jumla = bei + bei * kiwango
>>>>>>> nchi-nyingi
```

Bila kipande cha katikati unaona mistari miwili dhidi ya mistari miwili, na kishawishi ni kuchagua upande mmoja. Ukiwa na asili unaona kwamba upande wako uligusa mstari wa pili peke yake, na mwenzako wa kwanza peke yake. Git imegoma kwa sababu mistari hiyo imepakana. Jibu ni kuchukua wa kwanza kwake na wa pili kwako:

```
kiwango = soma_kiwango(nchi)
jumla = bei * (1 + kiwango)
```

Sijui kwa nini huu si mpangilio wa kawaida tangu mwanzo.

## Dalili: zana ya kuunganisha inafunguka na kufungwa, au haihifadhi

`malipo.py seems unchanged. Was the merge successful [y/n]?` wakati dirisha la VS Code ndiyo kwanza linafunguka: Git haikusubiri. Kinachokosekana ni `--wait`:

```
git config --global merge.tool vscode
git config --global mergetool.vscode.cmd \
  'code --wait --merge "$REMOTE" "$LOCAL" "$BASE" "$MERGED"'
```

Zile alama za nukuu kuzunguka kila jina ziache. Bila hizo, folda yenye nafasi katika jina, kama `Kazi Mpya`, itavunja amri.

KDiff3 haifunguki kabisa na mgongano umetoweka: imeutatua yenyewe. Git huiita kwa namna inayoiruhusu kumaliza kimyakimya ikiona inaweza. Pitia matokeo kwa `git diff HEAD` kabla ya kuendelea.

Kwenye Meld, umehariri ukahifadhi na bado hakuna kilichobadilika: umeandika kwenye kidirisha cha pembeni. Kinachohifadhiwa kama matokeo ni cha kati. Kwenye vimdiff, ukitaka kuacha bila kukubali, toka kwa `:cq`. Ukitoka kwa `:q` Git inaamini umemaliza. Na mafaili ya `.orig` yaliyotapakaa ni nakala za akiba. Amri ya `git config --global mergetool.keepBackup false` inayakomesha.

Mgongano unajitatua kabla hujaugusa, tena vibaya, na Git imeandika `Resolved 'malipo.py' using previous resolution`? Hiyo ni rerere, inayokumbuka jinsi ulivyotatua mgongano kama huo zamani. Ulitatua vibaya, inarudia vibaya. Ukiwa bado ndani ya mgongano:

```
git rerere forget malipo.py
git checkout -m malipo.py
```

## Dalili: ulinganisho unaonyesha mambo ambayo sikuyagusa

`git diff main tawi-langu` hulinganisha ncha mbili za sasa. Kama `main` imesonga mbele, kazi mpya ya wenzako itaonekana kana kwamba wewe umeifuta. Nukta tatu hulinganisha kuanzia pale matawi yalipoachana, na ndiyo hesabu inayotumiwa na GitHub kwenye maombi ya kuunganisha:

```
git diff main...tawi-langu
```

Kama mambo ni ya kwako lakini hayasomeki, mabano ya fungu moja yakioanishwa na ya fungu lingine, badilisha mbinu ya kulinganisha. Git hutumia kwa kawaida mbinu ya Eugene Myers ya 1986, inayotafuta mabadiliko machache kadiri iwezekanavyo, na machache si lazima yaeleweke. `git diff --histogram` hushikilia kwanza mistari ya nadra, ambayo mara nyingi ndiyo majina ya fankshani. Ongeza `--color-moved` kama umehamisha vipande.

## Dalili: CONFLICT (modify/delete) kwa faili ambalo halikufutwa

Lilibadilishwa jina. Git haihifadhi popote kwamba faili limebadilishwa jina. Inakisia kwa kufanana, na kiwango cha kawaida ni nusu. Mtu akibadilisha jina na kuandika upya zaidi ya nusu ya faili, kisio linashindwa. Legeza:

```
git merge -X find-renames=30% tawi-lake
```

Utasikia ushauri wa kubadilisha jina kwenye komiti yake peke yake. Ni tabia njema kwa wanaosoma historia, na inasaidia kwenye `rebase`, lakini haisaidii `merge`: huko Git inatazama toleo la asili na ncha mbili tu, komiti za katikati haizioni.

## Dalili: kazi imepotea baada ya kuunganisha, bila mgongano

Anza na mambo mawili. Je, mtu alitumia `-s ours` akidhani ni `-X ours`? Ya pili hupendelea upande wako pale penye mgongano tu. Ya kwanza huutupa upande wa pili wote, kisha huandika kwenye historia kwamba umeunganishwa. Pili, je, kuunganisha huko kuliwahi kutenguliwa kwa `git revert`? Ukijaribu tena, Git itakujibu `Already up to date`, kwa kuwa komiti zile zimo tayari kwenye historia. Kilichofutwa ni maandishi yake. Dawa ni kutengua ule utenguzi: `git revert` juu ya komiti ya revert.

Kama si hayo, mtu alichagua upande mmoja alipokuwa akitatua mgongano, na hilo ni gumu kuliona. `git log -p` haionyeshi mabadiliko ya komiti za kuunganisha, na `git show` huficha kila faili linalofanana kabisa na mzazi mmojawapo (wazazi ni komiti za pande mbili zilizounganishwa), yaani hasa lile ambalo upande mmoja ulitupwa. Kuanzia Git 2.36 kuna amri inayorudia kuunganisha upya na kukuonyesha mkono wa binadamu ulipopita:

```
git show --remerge-diff <komiti>
```

Naiweka juu ya zana nyingine zote za kupitia kazi ya kuunganisha.

## Dalili: hakuna mgongano, programu imevunjika

Mwenzako amebadilisha `hesabu_vat` irudishe 0.18 badala ya 18, akarekebisha kila mahali inapoitwa. Wewe, kwenye tawi lako, umeongeza `risiti.py` inayoiita na kugawanya kwa 100. Hakuna mstari mliougusa wote wawili. Git inaunganisha bila neno, hakuna kosa linalotupwa, na risiti zinatoka na VAT ya asilimia 0.18.

Hakuna mpangilio wa zana unaolizuia hili. Kinachosaidia ni kutokomiti kabla ya kuendesha majaribio:

```
git diff HEAD...nchi-nyingi      # soma walichofanya
git merge --no-commit --no-ff nchi-nyingi
pytest
git commit
```

Ukiona katika hatua ya kwanza kwamba fankshani imebadilishwa tabia, endesha `git grep hesabu_vat` baada ya kuunganisha na upitie kila inapoitwa.

Kama kosa limegunduliwa wiki kadhaa baadaye, `git bisect`, inayosaka komiti iliyoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, inaweza kukupeleka hadi kwenye komiti ya kuunganisha yenyewe, huku wazazi wake wote wawili wakifanya kazi vizuri. Hapo bisect haijakosea. Pande hizo mbili ndizo zisizopatana. Ili kujua ni komiti gani ya tawi iliyogongana na `main`, nyoosha historia kwenye tawi la muda. Tuseme komiti ya kuunganisha ni M (`M^1` ni mzazi wa upande wa `main`, `M^2` ni wa upande wa tawi):

```
git switch -c uchunguzi M^2
git rebase M^1
git bisect start uchunguzi M^1
git bisect run pytest
```

Jaribio linalonasa kosa liwe limeandikwa tayari, na liwe mahali ambapo bisect haitalifuta inaporuka kutoka komiti hadi komiti. Faili ambalo halijaingizwa kwenye Git linatosha. Ukishaipata komiti, futa tawi la `uchunguzi` na ulete rekebisho kwenye `main` kama komiti ya kawaida.